Ufunguo wa pili wa biashara usikae mfukoni mwa mtu mmoja

MIAKA ishirini iliyopita, mwenye biashara mjini Thika aliyetaka kulinda siri za kazi yake alinunua kabati la chuma na kufuli. Vitabu vya hesabu, stakabadhi za wateja na barua za benki vilikaa humo, na ufunguo ukabaki kwa mwenyewe au kwa karani aliyeaminika. Siku hizi kabati hilo aghalabu huwa na magazeti ya zamani na vikombe vya chai.

Hesabu zenyewe zimehamia kwenye kile kinachoitwa wingu, yaani tarakilishi za kampuni kubwa zilizo mbali, ambazo mteja hukodi nafasi ndani yake na kuifikia kupitia intaneti popote alipo. Duka la jumla mtaani Makongeni, shule ya kibinafsi Ngoingwa, zahanati ya Kihunguro na karakana iliyo kando ya barabara kuu ya Thika zinaweza leo kulipia Google Workspace au Microsoft 365 kwa mwezi, zikapata barua pepe zenye jina la biashara, mahali pa kuweka faili na kalenda ya kazi. Tangu Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) ilipoanzisha mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS mwaka 2023, hata wafanyabiashara waliokuwa wakisitasita wamejikuta mtandaoni.

Soko hilo si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 mjini Thika. Ruiru, ambayo wazee waliijua kwa mashamba ya kahawa na mkonge, sasa imeipita Thika ya viwanda kwa idadi ya watu, na biashara ndogo zimefuata watu hao.

Kilichosahaulika katika uhamisho huu ni kufuli. Kuna biashara ambazo hulinda kabati jipya kwa nywila moja tu, tena jina la kampuni likifuatwa na mwaka. Nywila hiyo huwa imebandikwa kwenye karatasi kando ya kioo cha tarakilishi, na inajulikana na mwenyewe, mhasibu, karani wa mapokezi na kijana wa saiba aliyesaidia kufungua akaunti. Anayeijua nywila hiyo ndiye mwenye biashara, hata kama yuko nchi nyingine.

Dawa yake ipo, na haiongezi hata shilingi moja juu ya ada ya mwezi. Huitwa uthibitisho wa hatua mbili: baada ya kuandika nywila, mtumiaji hutakiwa kutoa ushahidi mwingine kwamba ni yeye. Kuuwasha ni kazi ya alasiri moja. Ugumu uko katika swali ambalo wengi hawajiulizi kabla ya kubonyeza kitufe: ufunguo wa pili utakaa kwa nani, na siku mtu huyo asipopatikana, biashara itafunguliwaje?

WIZI USIOVUNJA MLANGO

Ili kuona uzito wa jambo hili, tuchukulie kiwanda kidogo cha kubangua makadamia mjini Thika, ambao umekuwa kitovu cha biashara hiyo nchini kwa miaka mingi. Kiwanda hununua kutoka kwa wakulima wa Gatanga na kwingineko, na huuza kwa wateja wa ng'ambo. Mazungumzo yote na wateja hao hufanyika kwa barua pepe.

Asubuhi moja karani anapokea barua inayofanana na zile za Microsoft, ikimwambia kwamba sanduku lake limejaa na aingie upya. Anabonyeza, anaandika nywila, ukurasa unafunguka na kufungika, naye anaendelea na kazi. Nywila imekwisha kufika kwa mwizi.

Mwizi wa aina hii hana haraka. Huingia kimya, husoma barua za miezi kadhaa, hujua mteja gani anadaiwa na mzigo utaondoka bandarini Mombasa lini. Huweka agizo ndani ya sanduku ili barua zinazotoka kwa mteja huyo zihamishwe mahali ambapo karani hatazami. Siku ankara inapotumwa, barua ya pili huifuata kutoka katika anwani ile ile ya kweli: benki yetu imebadilika, tafadhali lipa katika akaunti hii. Mteja hana sababu ya kushuku. Analipa.

Kufikia siku kiwanda kinapouliza fedha ziko wapi, zimekwisha kuhamishwa mara tatu. Mteja ana risiti ya malipo, ghala ni tupu, na mkulima wa Gatanga angali anasubiri. Hakuna mlango uliovunjwa, wala mlinzi aliyelala.

Ulaghai wa namna hii si jambo la nadra. Kituo cha FBI kinachopokea malalamishi ya uhalifu wa mtandaoni nchini Marekani kilirekodi hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kutokana na udanganyifu wa barua pepe za kibiashara katika mwaka 2023 pekee. Hizo ni zile zilizoripotiwa huko tu.

Lau akaunti ya karani ingekuwa na hatua ya pili, mwizi huyo mwenye nywila mkononi angefika kwenye mlango wa pili na kukuta hana cha kuufungulia.

JAMBO LISILO GENI

Mkenya hahitaji kufundishwa wazo hili, kwa kuwa amelitumia tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007. Ili kutoa fedha lazima mtu awe na laini yake ndani ya simu na ajue nambari yake ya siri. Anayeokota simu bila nambari hiyo hapati kitu, na anayeijua nambari bila kuwa na simu vilevile hapati kitu. Kadi ya benki hufuata kanuni hiyo hiyo. La ajabu ni kwamba mtu anayelinda shilingi mia tano kwa hatua mbili huacha barua pepe yenye ankara za mamilioni ikilindwa kwa hatua moja.

Wataalamu hugawa ushahidi wa utambulisho katika mafungu matatu: kitu anachokijua mtu, kama nywila; kitu alichonacho, kama simu; na kitu kilicho sehemu ya mwili wake, kama alama ya kidole. Uthibitisho huwa wa hatua mbili kweli pale ushahidi unapotoka katika mafungu mawili tofauti. Nywila mbili, hata zikiwa ndefu, ni fungu moja.

Nywila yenyewe ilizaliwa mapema katika miaka ya sitini katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walitaka watumiaji kadhaa wa tarakilishi moja wasichunguliane faili. Haikukusudiwa kulinda fedha za watu waliotawanyika duniani. Google ilianza kuwapa wateja wake wa kibiashara hatua ya pili mwaka 2010, na watumiaji wengine mwaka 2011. Microsoft kwa upande wake ilieleza mwaka 2020 kwamba zaidi ya asilimia 99.9 ya akaunti zilizovamiwa katika mifumo yake hazikuwa na ulinzi huo.

Hiari nayo inaelekea kwisha. Microsoft ilianza Oktoba 2024 kuwalazimisha wanaosimamia huduma zake za Azure kutumia hatua ya pili, na Februari 2025 ikawageukia wasimamizi wa Microsoft 365. Google ilitangaza Novemba 2024 mpango wa kuwalazimisha watumiaji wa Google Cloud wanaoingia kwa nywila, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa 2025. Mwenye biashara wa Ruiru anayengoja kulazimishwa atapangiwa siku na watu wasiojua kwamba siku hiyo ndiyo ya kulipa mishahara.

ARAFA, PROGRAMU AU UFUNGUO

Njia inayopendwa zaidi ni ya ujumbe mfupi: mfumo hutuma nambari kwa simu, mtumiaji huiandika. Ni rahisi na hufanya kazi hata kwenye simu ndogo ya tochi, ile Wakenya waliyoipa jina la mulika mwizi. Jina ni zuri, ila mwizi wa siku hizi hamulikwi kwa tochi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba nambari haiendi kwa simu, inakwenda kwa laini. Na laini inaweza kuhamishwa. Matapeli hupiga simu wakijifanya wahudumu wa kampuni ya simu, humdodosa mtu nambari ya kitambulisho na habari nyingine, kisha huomba laini mpya kwa jina lake. Ghafla simu ya mwenyewe hupoteza mtandao, na arafa zake huanza kuingia kwingine. Mulot, kituo kilicho mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, kilitajwa mara nyingi katika taarifa za polisi kuhusu uhalifu wa laini za simu, lakini hakuna kaunti iliyo salama. Mwaka 2022 Safaricom iliwapa wateja wake nambari *100*100# ya kufungia laini ili isibadilishwe bila mwenyewe kufika dukani. Aidha, *106# humwezesha mtu kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Anayetegemea arafa kulinda biashara anafaa kuzitumia zote mbili.

Njia iliyo bora kwa biashara nyingi ni programu ya simu, kama vile Google Authenticator au Microsoft Authenticator. Wakati wa kujisajili, tarakilishi huonyesha picha ya mraba yenye madoadoa meusi na meupe, na simu huipiga picha. Ndani ya picha hiyo mna siri ndefu ambayo sasa inajulikana pande mbili tu, simu na mfumo. Kuanzia hapo kila upande huchukua siri hiyo, huichanganya na saa ya wakati huo na kutoa tarakimu sita, ambazo hubadilika kila sekunde 30. Zikilingana, mlango hufunguka.

Faida yake kwa mazingira ya hapa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tarakimu hizo hazisafiri hewani, kwa hivyo simu haihitaji mtandao, salio wala bando. Karani aliye katika ghala lisiloshika mtandao huzipata kama kawaida. Sharti moja ni saa ya simu kuwa sahihi. Simu iliyowekwa saa kwa mkono, ikawa dakika tatu nyuma, hutoa tarakimu zinazokataliwa, na watu hupoteza asubuhi nzima wakilaumu programu. Dawa ni kuiruhusu simu ijirekebishe saa yenyewe.

Zipo pia programu ambazo badala ya tarakimu huuliza tu, "Je, ni wewe unayeingia?" na mtu kubonyeza ndiyo. Urahisi huo umewahi kuponza. Septemba 2022 mvamizi aliyekuwa na nywila ya mfanyakazi wa kandarasi wa kampuni ya Uber alimtumia maombi hayo mfululizo hadi mmoja wao ukakubaliwa, akapenya ndani. Kuanzia Mei 2023 Microsoft inamtaka mtumiaji wa programu yake aandike nambari anayoiona kwenye kioo cha tarakilishi, ili asiweze kukubali jambo ambalo hakulianzisha. Mfanyakazi anapaswa kuelezwa wazi: ombi likija ilhali hajaketi kwenye tarakilishi, kuna mtu mwenye nywila yake, naye abonyeze hapana na kutoa habari mara moja.

Juu ya hizo zote upo ufunguo wenyewe wa kushikika, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tarakilishi. Ubora wake ni kwamba hukagua anwani ya tovuti kabla ya kujibu, hivyo ukurasa bandia hauwezi kuudanganya hata kama umemdanganya mwenye kuutumia. Google iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 vifaa hivyo mapema 2017, na mwaka uliofuata ilisema hakuna akaunti yao hata moja iliyokuwa imenaswa kwa hadaa ya barua pepe tangu hapo. Kwa kuwa kimoja hugharimu shilingi elfu kadhaa, inatosha kuwanunulia mwenye biashara na mhasibu, si kila mtu.

FUNGUO TATU ZA CHAMA

Sasa lile swali la nani atashika ufunguo. Vyama vingi vya akiba vijijini huweka fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hupewa wanachama watatu ambao si mweka hazina. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa wakiogopa wezi wa nje peke yao. Walijua kwamba mtu mmoja anaweza kushawishika, kuugua, kusafiri au kufa, na chama lazima kiendelee.

Biashara nyingi zinazowasha hatua ya pili husahau nusu hiyo ya hekima. Mkurugenzi huweka nambari yake, husajili simu yake peke yake, na kwa mwezi mmoja mambo huenda vizuri. Kisha simu inanyakuliwa dirishani mwa matatu pale Githurai. Kufuli iliyowekwa kumzuia mwizi inamzuia mwenyewe. Barua pepe hazifunguki, ankara hazionekani, na kampuni iliyo ng'ambo inataka uthibitisho wa umiliki ambao huchukua siku nyingi kuufikisha. Walioonja balaa hiyo ndio husema hatua ya pili ni usumbufu, wakaizima; na hapo wamerudi kwenye nywila moja ya ukutani.

Kazi, basi, hufanywa kwa mpangilio.

Kwanza kila mfanyakazi apate akaunti yake. Anwani moja ya jumla inayotumiwa na watu wanne haiwezi kuwa na ufunguo wa pili wenye maana, kwa sababu watatu kati yao watakuwa kila saa wakimpigia wa nne wakiomba tarakimu, na tabia ya kusomeana tarakimu kwa simu ndiyo hasa matapeli wanayoitafuta. Anwani ya jumla haipotei: katika Google Workspace hugeuzwa kuwa kikundi, na katika Microsoft 365 huwa sanduku la pamoja, ambalo halilipiwi leseni ya peke yake mradi lisizidi gigabaiti 50. Kila mtu huingia kwa jina lake na kuzisoma barua zile zile. Faida nyingine ni kwamba jambo likiharibika, inajulikana nani alifanya nini.

Pili wawepo wasimamizi wawili wa akaunti nzima. Msimamizi ndiye mwenye uwezo wa kumfungulia mwingine aliyefungiwa nje. Google na Microsoft zote hushauri wasiwe mmoja. Katika kampuni ya familia wa pili anaweza kuwa mke, mume au mshirika. Katika shule, mwanachama wa bodi. Muradi si mtu anayesafiri katika gari moja na wa kwanza kila siku. Akaunti ya usimamizi isitumiwe kwa barua za kawaida, ili isikutane na hadaa za kila asubuhi.

Tatu ndipo hatua ya pili huwashwa, na hapa huduma hizi mbili zinatofautiana. Katika Google Workspace msimamizi huingia kwenye ukurasa wa usimamizi, sehemu ya usalama, akawaruhusu watu kujisajili, kisha akapanga tarehe ambayo italazimishwa. Baina ya siku hizo mbili kuna hatari: tarehe ikifika, ambaye hajajisajili hufungiwa nje. Ukurasa huo humwonyesha msimamizi nani amejisajili na nani bado, naye anapaswa kuwafuata waliobaki mmoja mmoja, si kuwatumia barua na kutulia. Wiki mbili zinatosha kwa biashara ya watu kumi. Mfanyakazi mpya naye hupewa muda wake, ambao msimamizi anaweza kuuweka kuanzia siku moja hadi miezi sita. Miezi sita ni sawa na kutokuwa na kufuli.

Kwa upande wa Microsoft, biashara ndogo isiyolipia leseni za juu hutumia mipangilio ya msingi ya usalama, ambayo ikiwashwa humtaka kila mtu ajisajili kwa programu ya simu. Akaunti nyingi zilizofunguliwa tangu mwishoni mwa Oktoba 2019 huja nayo ikiwa imewashwa. Zamani mtumiaji alipewa siku 14 za kuahirisha, lakini tangu mwishoni mwa Julai 2024 muhula huo haupo. Atakayeiwasha tarehe 30 atakuwa amejichagulia siku mbaya kuliko zote.

Nne, na hii ndiyo hurukwa, ni akiba ya dharura. Google humpa kila mtumiaji orodha ya nambari kumi za tarakimu nane, kila moja ikitumika mara moja tu. Orodha hiyo isihifadhiwe ndani ya simu, maana simu ndiyo inayoogopewa kupotea, wala ndani ya barua pepe ambayo ndiyo itakayokuwa imefungwa. Huchapishwa, hutiwa katika bahasha, bahasha hufungwa na kutiwa sahihi. Kabati la chuma sasa limepata kazi tena. Akaunti za kazi za Microsoft hazina orodha kama hiyo, kwa hivyo msimamizi wa pili huwa ndiye bahasha yenyewe.

SIMU YA MFANYAKAZI, LAINI YA KAMPUNI

Si kila mfanyakazi atafurahia. Wapo watakaouliza kwa nini simu waliyoinunua kwa jasho lao itumikie kampuni, nao wana haki ya kujibiwa. Programu ya kutoa tarakimu haimpi mwajiri uwezo wa kusoma ujumbe wala kuona picha za mtu. Ni kama kubeba ufunguo wa duka katika mkufu mmoja na ufunguo wa nyumbani. Asiyeridhika, au mwenye simu ndogo isiyoingia programu, anaweza kupewa ufunguo wa kuchomeka, au katika Google kupigiwa simu na kusomewa tarakimu. Kumwachia nje ya utaratibu kwa sababu ya simu yake ni kuacha dirisha moja wazi katika nyumba iliyofungwa.

Pale laini inapotumika, iwe ya kampuni, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Keshia akiacha kazi na laini yake, huondoka na ufunguo. Fauka ya hayo, laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye bila kujua huanza kupokea tarakimu za biashara asiyoifahamu. Kwa sababu hiyo, siku ya mwisho ya mfanyakazi, akaunti yake husimamishwa kabla hajaagana na wenzake, si mwisho wa mwezi.

Kuna pia mambo ambayo hatua ya pili haiwezi kuyafanya. Haimtoi mwizi aliyekwisha kuingia. Kwa hivyo siku ya kuiwasha, msimamizi huwatoa watu wote katika vifaa vyote, hubadilisha nywila, kisha hukagua katika kila sanduku kama kuna agizo la kupeleka barua kwingine, na kama nambari ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti ni za mwenyewe. Yule mwizi wa makadamia angeweza kunaswa kwa ukaguzi huo mmoja.

Haizuii vilevile ukurasa bandia ulio hodari, unaopokea nywila na tarakimu kwa pamoja na kuzipeleka papo hapo kwenye ukurasa wa kweli. Tarakimu sita, ziwe za arafa au za programu, hunaswa hivyo. Ufunguo wa kuchomeka haunaswi. Ndiyo sababu mabadiliko ya akaunti ya benki yathibitishwe daima kwa kumpigia mteja simu kwa nambari inayojulikana tangu zamani, hata kama barua imetoka katika anwani ya kweli.

Sheria nayo inahusika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu, ziwe za wagonjwa, wanafunzi au wateja, azilinde kwa njia zinazofaa. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini ya kamishna inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi iliyo ndogo. Anayedhani ofisi hiyo huandama kampuni kubwa tu akumbuke Septemba 2023, ilipoitoza shule moja Sh4.55 milioni na baa moja Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha za watu bila idhini. Hazikuwa kesi za udukuzi, lakini zilionyesha kwamba biashara ndogo zinaonekana.

Tuirudie simu iliyonyakuliwa Githurai, tuseme ni Ijumaa jioni na mwenyewe ni mwenye biashara wa Ruiru aliyejiandaa. Anaazima simu, anaiarifu kampuni yake ya simu ifunge laini, kisha anampigia msimamizi wa pili, ambaye anamwondoa katika vifaa vyote na kuifuta ile simu katika orodha ya vifaa vinavyoaminika. Jumamosi asubuhi anafungua bahasha na kuingia kwa nambari ya kwanza katika orodha, anasajili simu nyingine, na ankara za wiki zinatoka kama kawaida. Laini anaifuata dukani akiwa na kitambulisho. Nambari aliyoitumia anaikata kwa kalamu, kwa kuwa haitafanya kazi tena; zikibaki tatu, orodha mpya huchapishwa, na ile ya zamani, ambayo mfumo huibatilisha saa hiyo hiyo, huchanwa.